Kitambaa Tulichoshona Baada ya Mafuriko

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, cherehani yangu imetolewa kutu, na shangazi bado anakoroma kuliko mashine ya kusaga.

Umeniuliza mara tatu kuhusu Mama, nami nimekuwa nikikuzungusha. Ukweli ni kwamba tangu maji yalipomchukua Baba, hakuwa akisema neno. Wingu likitanda tu, alikuwa akijifungia chumbani. Hata mimi nilikuwa siwezi kutunga uzi kwenye sindano.

Basi nikawaita majirani kwenye karakana yangu. Kila Jumamosi tulikata nguo zilizoharibiwa na matope, kila mmoja akashona kwenye kitambaa kimoja kirefu picha ya kile maji yalichomnyang'anya. Tulilia, tukacheka, tukagombania mkasi. Jumamosi ya nne Mama akaingia, akavuta kigoda, akashona kofia ya Baba bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Mfereji wa maji ya mvua ungezibuliwa, angekuwepo."

Jumatatu tulikibeba kitambaa chetu, mita kumi na mbili, tukakitandaza katika ukumbi wa halmashauri. Ofisa akasema, "Kazi nzuri sana, akina mama."

Mama akamjibu, "Hatukuja kusifiwa. Mvua zinazidi ukali kila mwaka. Mfereji lini?"

Wameanza kuuzibua wiki hii, nasi tunawasimamia kwa zamu.

Kuhusu ombi lako kwamba Mama ahamie kwako, anakushukuru sana, ila hatakuja. Anasema yuko kazini.

Ni mimi dada yako,
Fundi