Banasema Tu Kwa Kipimo

Mama Neema, mupenzi, amani ikukute hapo Aru,

Bunia mvua inanyesha, bunduki zimenyamaza, na nganda yetu ya kuuzia pombe bado iko wima. Tangu tukimbie vita, watatu wamejifanya wenye nyumba kwa zamu: askari aliyevunja kufuli, muuza mafuta, sasa muzee mumoja wa ndevu. Kila mumoja amepaka ukutani jina alilolipa nganda. Viti vyangu ishirini na ine, nimekuta tisa!

Nikaketi kama mugeni, nikaagiza pombe ya ndizi. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, alikuwa anakunywa pembeni. Nikamuuliza wa ndevu:

"Muzee, hapa banapaita namna gani?"

"Nimeandika Bar Ushindi, lakini banasema tu kwa Kipimo."

"Kipimo ni nani?"

"Mwenye nyumba. Alikuwa anapima pombe kama dawa. Banasema alikufa."

"Basi umeuzia maiti chupa. Ni miye."

Shefu akacheka mpaka akakohoa. "Muzee wa ndevu, umesema mwenyewe mbele yangu kwamba nyumba si yako. Toka."

Wa ndevu ameomba wiki tatu za kuhama, nimemupa siku tatu.

Fungasha nguo za watoto, na mara hii si za kukimbia. Nawakumbatia wote.

Baba Neema