Pambo la Fimbo Yangu Limenyamazisha Redio ya Zahanati

Mshauri mpendwa, nisaidie haraka, mimi si mtu wa kushindwa na kitu, wakati wa vita ya Hitla nilitengeneza redio ya meli kwa uma wa kulia chakula mpaka nahodha akanipigia saluti, na hapa katika kijiji chetu cha ujamaa kila mtu anajua hilo kwa kuwa nimewasimulia, basi baada ya mvua za juzi redio ya upepo ya zahanati, ile ya kuzungumza na hospitali ya Bukoba, ikaanza kukwaruza, muuguzi wetu Ma Klaudia akaniita, nikakuta ule waya mnene wa antena una kichwa cha shaba kilichoingia maji, ndani waya mmoja katikati, na wavu wa nyaya nyembamba umeuzunguka, nikaona hicho kichwa ni urembo wa Wazungu tu, nikakikata, nikazisokota zote pamoja nikisema, “Huu ni ujamaa, hata nyaya zikae kijiji kimoja!” watu wakacheka, wakanimiminia rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kichwa nikakichomeka kwenye fimbo yangu, kinang'aa kweli kweli.

Tangu siku hiyo redio kimya. Ma Klaudia ananiuliza, “Mjomba, mbona Bukoba hawaitiki?” Namjibu, “Hao wamelala.” Lakini mpwa wangu Kokushubila anajifungua mwezi ujao, uzazi wa kwanza alipasuliwa, ndugu zetu wa mjini wako mbali huko Rwamishenye, Bukoba, na gari la hospitali huitwa kwa redio hiyo hiyo. Nikisema kweli, nani atanisikiliza tena kwenye rubisi?

Mimi R., Muleba

Mzee R.,

Nimecheka kwa nahodha, nilipofika kwa Kokushubila nikaacha. Waya wa kati hubeba sauti, wavu huikinga, na kichwa ulichokata kazi yake ni kuvishika visigusane. Wewe umevifungisha ndoa! Bukoba hawajalala, bwana, hamjawaita.

Nenda leo kwa Ma Klaudia, na fimbo mkononi. Mwambie asijaribu tena kuita, mtambo utaungua. Kesho panda basi pamoja na Kokushubila, akae kwa ndugu zenu Rwamishenye hadi ajifungue. Hicho kichwa mpe fundi wa redio mjini, na urudi naye akifunge upya kwa lehemu, kisha akizibe maji yasiingie.

Tena uwahi, maana gazeti hili litasomwa kwa sauti hapo hapo kwenye rubisi, na fimbo yako wanaijua. Mtoto akilia salama, watakaa wakusikilize. Safari hii utakuwa na kisa cha kweli.