Wimbo Niliomtungia Shaun

Peninah, niko steji hapa Bin Mahmoud, huku Uarabuni, nangoja basi, na lazima nikuambie ya leo!

Unamjua Shaun, huyu mwalimu mpya wa muziki? Tangu alete programu ya kuandika nota kwa kompyuta, watoto hawataki tena solfa yangu ya ubaoni, ile do-re-mi. Nota zikitokea ukutani, wanaimba papo hapo.

Leo ametoka darasani kidogo, nikakalia kiti chake nijaribu. Nikapanga nota chache, chini yake nikaandika: "Shaun anaringa bure."

Kumbe projekta inawaka! Watoto wa Kihindi na Kifilipino, hawajui Kiswahili, wakaimba kwa nguvu zote: Shaun anaringa bure!

Na Shaun yuko mlangoni. YUKO MLANGONI, Peninah! Mkenya mwenzetu!

Hata hakukasirika. Akabadilisha nota mbili, akawaambia warudie.

Haki, wimbo wangu ukawa mtamu. Hiyo ndiyo imeniuma.