Amekonyeza Upande Usio Wangu

Urambo, Jumanne

Leo tena mume wangu kashika hewa. Tulikuwa tunapanga tumbaku kwa madaraja, akanyoosha mkono kuchukua jani, akalikosa. Penye jani moja anaona mawili.

Daktari alisema kiharusi kimegusa shina la ubongo, kunakotoka amri ya kuyageuza macho yote mawili pamoja. La kulia likienda, la kushoto linachelewa.

Nimenuna, wala si kwa sababu ya jani. Zamani alikuwa akinikonyeza mbele ya mama mkwe, nami nacheka kimoyomoyo. Tangu augue, hata mara moja.

Nikamziba jicho moja kwa kiganja. "Unaniona wangapi?"

"Mmoja. Kumbe upo huku, Mama Neema! Mwezi mzima namkonyeza yule mwingine."