Kilo Mbili za Koti

Jumatano, katikati ya Julai. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mimi sijachangamka tangu juzi.

Leo nilikuwa niandike habari za karoti zangu. Zitasubiri.

Kwa asiyejua kazi yangu: mimi ni mhudumu kwenye kliniki ya moyo, katika hospitali moja huku kwetu Lushoto. Wagonjwa wananiita sista, nami naitika, ingawa si nesi. Natafuta mafaili, napima presha, napima uzito, na wazee ambao Kiswahili kinawapa tabu nawatafsiria kwa Kishambaa. Kliniki ni kila Alhamisi. Ikifika saa mbili asubuhi, korido yote ni makoti.

Baridi ya Julai huku si ya mchezo. Mtu anatoka kijijini alfajiri kavaa sweta mbili, koti la mtumba, na kanga mbili juu yake. Mizani yangu iko hapo koridoni, pembeni ya dirisha lisilofungika. Utaratibu ni kwamba kila mgonjwa avue koti na viatu kabla ya kupanda. Nesi mfawidhi alinielekeza hivyo siku niliyokabidhiwa mizani hiyo, tena mara mbili.

Sasa mwambie bibi wa miaka sabini na kitu, ambaye umetoka kumwamkia shikamoo, avue nguo mbele ya wanaume waliojipanga kwenye benchi. Mimi nilishindwa. Nikabuni njia yangu: apande na koti lake, halafu mimi natoa kilo mbili. Sweta, nusu kilo. Mabuti, nusu kilo. Wazee wakanipenda kwa hilo, na foleni ikawa inakwenda. Miaka miwili nimefanya hivyo, na nyumbani nilikuwa najisifu kwamba jicho langu ni mizani tosha.

Jicho langu si mizani.

Alhamisi iliyopita alikuja Bibi Hadija na binti yake Zubeda, anayeishi naye na kumuuguza. Moyo wa bibi umechoka, hausukumi damu vizuri, na mtu wa namna hiyo maji humjaa mwilini kidogo kidogo. Uzito ndio unaowahi kusema. Ukipanda kilo mbili tatu kwa ghafla, daktari anajua ni maji, anaongeza vidonge vya kukojoza, na mgonjwa anarudi nyumbani salama.

Mizani ilisoma hamsini na nne. Nikatoa mbili za koti, nusu ya sweta, nusu ya mabuti. Nikaandika hamsini na moja.

Bibi hakuvaa mabuti. Alivaa kandambili na soksi nene. Nilitoa nusu ya mabuti kwa sababu nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa nyuma wa faili, na uzito wa mwezi uliopita ulikuwa hamsini na moja. Nilitaka hesabu ikae vizuri. Hili sijamwambia mtu mpaka leo, na hata hapa naliandika kwa shida.

Daktari aliangalia namba yangu, akaona uzito haujabadilika. Akauliza kama miguu imevimba. Bibi akasema hajambo, maana kwake mtu wa heshima akikuuliza hali unajibu sijambo. Soksi hazikuvuliwa. Akaambiwa aendelee na dawa zilezile.

Jumatatu wakamleta hawezi kulala chali wala kumaliza sentensi. Kifua kilikuwa kinakoroma maji. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano, na mimi nikapewa nguo zake nimkabidhi Zubeda. Ndipo nikalishika lile koti. Lilikuwa la kiume, bitana yake imeisha yote ndani, limebaki kitambaa tu. Nilijua palepale. Hata hivyo nililipeleka kwenye mizani yangu kabla ya kulikabidhi, kwa kuwa nilikuwa bado natafuta pa kutokea.

Halikufika hata kilo moja.

Ningesema siku ile, kosa lingekuwa moja. Sikusema. Daktari alifungua faili, akaona Alhamisi uzito ulikuwa sawa, akafikiri kama ambavyo yeyote angefikiri: maji haya yameingia ndani ya siku nne, basi ni chumvi. Akamuuliza Zubeda, kwa ukali kidogo, amempa mama yake chakula gani. Zubeda akatafuta kosa lake, na mtu akitafuta kosa lake halikosekani. Akakumbuka kipande cha nyama kutoka kwenye shughuli ya jirani, Jumamosi. Akakiri huku analia. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika faili lenye mwandiko wangu.

Jana kaka wawili wa Zubeda walipanda kutoka Muheza, mmoja na mkewe. Ni watu wazima, wana wake na watoto. Hawakugombana naye, walikata shauri tu, kwamba bibi akiruhusiwa atakwenda kukaa kwao, maana Zubeda amemshindwa. Na bibi mwenyewe, aliposikia habari ya nyama, akaacha kula chakula cha binti yake. Uji anaoletewa asubuhi anaugeuzia uso. Anakula wa mke wa mwanawe tu.

Miaka kumi na moja Zubeda amempikia mama yake sufuria ya peke yake, isiyo na chumvi. Naijua kwa sababu mimi ndiye niliyemtafsiria bibi siku daktari alipoagiza hivyo. Kutokana na namba niliyoibuni, mama na mwana hawatazamani.

Jana hiyohiyo nilipopita wodini, bibi alinishika mkono, akaniambia kwa Kishambaa kwamba mimi nimelelewa, sijawahi kumvua nguo mbele za watu. Nilitoka nikaenda stoo ya mashuka nikakaa humo.

Leo asubuhi nilimwambia daktari. Nilidhani atanipigia kelele, na kwa kweli nilikuwa nazihitaji. Alivua miwani, akauliza neno moja.

"Wangapi?"

Wote wenye makoti tangu baridi ianze. Tumeshinda na nesi mfawidhi tukichambua mafaili, tumewapigia simu wenye simu, wasio nazo tumewaagizia wenyeviti wa vitongoji. Kila faili lina mwandiko wangu mzuri. Barua ya kujieleza nimeandika pia, na ninastahili kuiandika.

Saa tisa nikamfuata Zubeda bombani nyuma ya wodi. Alikuwa anamwaga uji. Bakuli lilikuwa limejaa mpaka juu, utando umeshaganda. Nikamwambia yote, nikamalizia na yale mabuti ambayo hayakuwepo. Nilisema haraka, nikitazama maji.

Hakulia. Alisuuza bakuli, akalisuuza tena.

"Mimi usiniombe radhi kwanza," akasema. "Nenda kamwambie mama. Mwambie kwa Kishambaa, asije akasema hakuelewa."

Nikaenda. Bibi alikuwa amekaa, ameegemea mito mitatu, pumzi imerudi. Nikamwamkia, akanipa mkono wake kama kawaida. Nikamweleza polepole: uzito ulikuwa umeongezeka, mimi ndiye niliyeuficha kwa kuona haya kumvua koti, nyama ya Zubeda haikumjaza maji yale. Kishambaa changu ni cha nyumbani, na kwa lugha ya nyumbani uongo wangu ulisikika mbaya kuliko nilivyokuwa nimeupanga kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake ndani ya wangu, taratibu, akauweka juu ya blanketi.

Hakunilaani. Alitazama mlangoni akauliza Zubeda yuko wapi, na kama uji upo.

Haukuwepo. Nilimrudia Zubeda bombani nikamwambia, akaondoka karibu anakimbia kwenda kukoroga mwingine kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, nami nikabaki nje ya wodi. Uji ulipokuja aliumaliza wote. Niliona kwa kupitia kioo cha mlango, maana sikuthubutu kuingia.

Sijasamehewa, na sidhani kama nina haki ya kuuliza lini.

Kesho ni Alhamisi. Tumeomba pazia, wametupa shuka na kamba, vitatosha. Nitamwambia kila mzee avue, na akinichukia atanichukia akiwa hai. Saa saba kaka zake Zubeda wanakuja kumwona mama yao, na nimemwomba Zubeda akae kimya. Nitasimama mbele yao niwaamkie, halafu niwaambie aliyemshindwa mama yao ni nani.