Mwewe Aliyelishwa Steki

Baba,

Shikamoo. Nimekaa barazani hapa Mkonze nasubiri marahaba yako kama mjinga. Haya, nitaendelea bila hiyo.

Nakuandikia habari za mwewe wako, yule uliyemfunga bawa kwa kipande cha kanga ya Mama siku tatu kabla hujatutoka. Ulikuwa umeshalala kitandani uliponiambia, "Zainabu, usimwache ndege wangu." Nikaitikia, ingawa ulijua vizuri kwamba binti yako ni karani wa ofisini anayepanda juu ya kiti akiona panya. Sijui kama uliniamini. Mimi mwenyewe sikujiamini.

Baba, nusura tumuue. Tena kwa mapenzi.

Unawajua watu wetu na msiba. Kila aliyekuja kutupa pole alipita bandani kumwona "ndege wa Mwalimu", na hakuna aliyekwenda mikono mitupu. Walimchagulia steki, maini, vipande visivyo na hata chembe ya mfupa. Shangazi Hadija alikuja kutoka Kondoa, yeye ambaye mwewe wamemmalizia vifaranga miaka yote, naye akawa anamkatia minofu midogo midogo kama anamlisha mgonjwa. Alisema mgeni wa kaka yake hatatafuna mifupa katika nyumba hii. Mwewe akala, hakuwa na hiyana. Lakini hadi tunasoma arobaini yako alikuwa hawezi kusimama vizuri kwenye kijiti chake, miguu inatetemeka, manyoya hayana mng'aro. Shangazi akashusha sauti, akasema, "Mwache amfuate bwana wake." Hakusema kwa ubaya. Ila nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, kwa sababu nilikuwa nimekuahidi.

Ndipo nikafungua daftari lako, lile la kufundishia, lenye michoro ya mafuvu na kucha. Umeandika kwa kalamu nyekundu, kama unamsahihisha mwanafunzi mzembe: nyama tupu si chakula cha mwewe. Mifupa midogo huyeyuka tumboni ikamjenga. Manyoya hayayeyuki, hujisokota kwenye firigisi yakawa kidonge, naye hukitapika asubuhi tumbo likabaki safi. Nikakumbuka siku ulipotuletea kidonge cha namna hiyo mezani tukiwa wadogo, Mama akakufukuza na sahani yako. Ulikula nje, tunakusikia unacheka.

Basi nikatega panya. Mimi huyu. Wa kwanza nilimbeba kwa koleo la mkaa, jicho moja nimelifumba. Mwewe alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akamrarua na manyoya yake yote. Siku ya tatu asubuhi nikakuta chini ya kijiti kitu cha kijivu, kikavu, kinene kama kidole gumba. Nikamwita Mama. Tuliinama pale wawili, tukashangilia tapishi la ndege kama vile mtoto kaota jino. Safari hii Mama hakumfukuza mtu.

Miguu ikapata nguvu. Nguvu kweli, maana siku moja nilikuwa nabadilisha maji yake akanidaka kiganja. Nikavuta, akazidi kukaza. Nikakusikia wewe kabisa: "Usimvute. Mnyooshe mguu." Akiukunja mguu, kano zinajifunga zenyewe, ulitueleza mara ngapi sijui. Nikaunyoosha taratibu, kucha zikaachia. Alama nne ninazo bado, na sitaki zipotee.

Bawa lilipounga tulifungua kile kipande cha kanga, na Jumamosi iliyopita tukamwachia. Shangazi alitaka iwe alfajiri, lakini nilisubiri hadi saa nne, jua limeshaipasha ardhi, kwa sababu umeandika kwamba ndege huyu hubebwa na hewa ya moto inayopanda. Alipiga mabawa, akalalia upande wa lile bawa ulilomfunga. Kisha akaipata hewa. Akazunguka, akazunguka, bila kupiga bawa tena, mpaka akawa nukta. Ee Baba, laiti ungeona. Shangazi alikuwa amefunika vifaranga vya Mama kwa tenga, lakini alikuwa anatabasamu.

Nilidhani sasa nitalivunja banda. Jana akaja dereva wa gari la samaki kutoka Mtera, amebeba boksi, ndani mna bundi aliyegongwa barabarani. Kaambiwa hapa ndipo kwa Mwalimu wa ndege. Nikamwambia umefariki, akanipa pole, lakini boksi hakuliondoa. Nikamuuliza amemlisha nini. Akasema kwa fahari, "Steki tupu, dada. Mifupa yote nimeitoa."

Nilicheka, Baba. Nilicheka hadi nikashika ukuta, mara ya kwanza tangu uondoke. Halafu nikamkaribisha kiti, nikaenda kuleta daftari lako.

Pumzika kwa amani, Mwalimu wangu, Mungu akupe kauli thabiti. Banda halivunjwi. Na zile kurasa ulizoacha nyeupe nitazijaza mimi, kwa kalamu nyekundu, nakuahidi. Sasa niruhusu niende, mtego umefyatuka jikoni na bundi wetu hajala.

Binti yako,
Zainabu