Dumu Moja la Mafuta

Ukerewe, Jumatano

Shikamoo Mama,

Nimefika salama. Ile safari ya visiwani niliyopanga na mwanao nimeianza peke yangu. Asubuhi, ufukweni Mwanza, nahodha wa mashua aliniuliza, "Mko wangapi? Upepo ukikata tutawasha injini, nataka nijue mafuta ya kubeba."

Nikajibu, "Wawili."

Akapakia madumu mawili, kisha akatazama nyuma yangu, akimtafuta mwenzangu. Ikabidi nimwambie kwamba mume wangu tulimzika mwezi wa tatu.

Akasema, "Pole sana, dada. Basi tutakuwa wepesi, dumu moja litatosha."

Alipolishusha lile la pili nililia mbele ya watu, kilio ambacho hata msibani kilinikataa.

Jitahidi kula, Mama. Jumapili nakuja Misungwi, tukae wote.

Mkweo,
Neema